Tumwiteje Paka wa Meno ya Upanga? Istilahi za Jamaa wa Kale wa Simba na Chui

Miongoni mwa maswali yanayowafikia wanaoshughulika na istilahi, yako yale ambayo kwa juu huonekana madogo, lakini mtu akiyafuatia huyakuta yana mizizi mirefu. Swali la mwalimu mmoja wa shule ya sekondari wilayani Rungwe ni la namna hiyo. Aliwasomea wanafunzi wake habari iliyotafsiriwa kutoka lugha ya kigeni, nayo ilisema kwamba hapo kale "chui milia wenye meno ya upanga" waliishi Afrika ya Mashariki. Mwanafunzi mmoja akauliza: ikiwa chui milia ni mnyama wa Bara la Asia, alifikaje huku, naye alitoweka lini? Mwenzake akataka kujua kama mifupa ya mnyama huyo yaweza kuchimbuliwa katika mashamba ya chai ya Tukuyu.

Maswali hayo yote mawili ni mazuri, na yote mawili yana majibu. Lakini yafaa tuone kwanza kwamba swali la kwanza halikuzaliwa na elimu ya wanyama, bali lilizaliwa na neno. Mwanafunzi alifikiri sawasawa kabisa kutokana na jina alilopewa. Jina ndilo lililompoteza. Hapa ndipo ilipo hatari ya istilahi mbovu: haimwachi msomaji gizani tu, bali humwonyesha njia isiyokuwapo. Katika makala haya tutaeleza wanyama hawa walikuwa nani, jina potofu liliingiaje, na ni majina gani yanayofaa kutumiwa na wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandika habari za makumbusho na hifadhi.

Wanyama wenyewe

Wataalamu wa wanyama huwaweka simba, chui, duma na paka wa nyumbani katika familia moja iitwayo kwa jina la kisayansi Felidae. Familia hiyo leo ina matawi mawili yaliyo hai. Tawi moja ni la simba, chui, chui milia na jamaa zao. Tawi la pili ni la duma, mondo, simbamangu, kimburu na paka tunayemfuga. Kulikuwa na tawi la tatu, liitwalo Machairodontinae, ambalo limekwisha kabisa. Hao ndio wanyama waliokuwa na meno ya chonge marefu, yaliyobanwa ubavuni mithili ya bapa la silaha, tofauti na chonge za simba wa leo ambazo ni za mviringo na nene.

Uchunguzi wa chembe za urithi zilizotolewa katika mifupa ya kale umeonyesha kwamba tawi hilo la tatu lilijitenga na mengine mawili yapata miaka milioni 20 iliyopita. Maana yake ni kubwa kwa mwenye kuunda istilahi. Paka alalaye karibu na meko katika nyumba ya mkulima wa Tukuyu ana undugu wa karibu zaidi na chui milia wa Bara Hindi kuliko alivyokuwa nao mnyama yeyote wa meno ya upanga. Basi kumwita mnyama huyo wa kale "chui milia" ni sawa na kumpa mtu jina la ukoo asiozaliwa.

Afrika ya Mashariki ni mojawapo ya mahali palipotoa ushahidi mwingi wa wanyama hawa. Huko Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana nchini Kenya, yalipatikana mabaki ya mmoja wao aliyeishi yapata miaka milioni 7 iliyopita. Katika Tanzania, tabaka za Laetoli, zenye umri wa karibu miaka milioni 3.6, zimetoa mabaki ya jenasi mbili, Homotherium na Dinofelis. Homotherium alikuwa na ukubwa uliokaribia ule wa simba, miguu ya mbele mirefu, na mgongo ulioteremka kwa nyuma kama wa fisi. Dinofelis alikuwa kati ya chui na simba kwa kimo, na chonge zake hazikuwa ndefu sana. Katika tabaka za Koobi Fora, mashariki ya Ziwa Turkana, walipatikana hao wawili pamoja na wa tatu aitwaye Megantereon, aliyekuwa mdogo kuliko Homotherium lakini mwenye chonge ndefu na nyembamba.

Laetoli ndipo ambapo mwaka 1978 kikundi cha Mary Leakey kilizikuta nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili. Kwa hiyo wahenga wetu wa mbali waliishi nchi moja na wanyama hawa. Katika tabaka hizo hizo yamepatikana pia mabaki ya paka wakubwa wanaofanana na simba na chui. Jambo hili lapaswa kusisitizwa, kwa sababu wafasiri wengi huandika kwamba paka wa meno ya upanga walikuwa "mababu wa simba". Hawakuwa mababu. Waliishi wakati mmoja na wazee wa simba, wakawinda nchi moja, kisha wakafa bila kuacha kizazi. Kwa lugha ya ukoo twaweza kusema kwamba walikuwa binamu wa mbali, na mji wao ulifungwa.

Huku kwetu Homotherium alitoweka yapata miaka milioni 1.4 iliyopita, na Dinofelis baada yake. Sababu bado zinajadiliwa: wako wanaotaja mabadiliko ya hali ya hewa na mimea, na wako wanaotaja ushindani wa viumbe wa jamii ya binadamu walioanza kula nyama kwa wingi. Nje ya Afrika tawi hili liliendelea kuwapo. Smilodon wa Marekani aliishi hadi yapata miaka 10,000 iliyopita. Na mwaka 2024 wanasayansi wa Urusi walitangaza habari za mtoto wa Homotherium aliyepatikana amegandishwa katika ardhi ya barafu ya Yakutia, mwenye umri wa zaidi ya miaka 35,000, ngozi na nywele zake zikiwa bado zipo. Manyoya yake yalikuwa mafupi, mazito, ya rangi ya hudhurungi. Milia haikuonekana.

Je, mifupa yao iko Tukuyu?

Swali la mwanafunzi wa pili ladai jibu kabla hatujaendelea, maana nalo lagusa matumizi ya maneno. Mtu akisoma kwamba wanyama hawa waliishi "Afrika ya Mashariki", aweza kudhani kwamba mahali popote akichimba atawakuta. Yapasa kutofautisha mahali mnyama alipoishi na mahali mifupa yake ilipohifadhika.

Nchi ya Rungwe ni nchi ya volkano. Mlima Rungwe wenyewe, wenye kimo cha karibu meta 2,960, ulilipuka kwa nguvu yapata miaka 4,000 iliyopita na kueneza majivu mbali. Mlima Kyejo ulitoa lava karibu mwaka 1800. Udongo uliotokana na miamba hiyo ndio unaoistawisha migomba, chai na kahawa. Lakini mvua nyingi ya mahali hapo huufanya udongo kuwa wa asidi, na asidi huyeyusha mifupa. Rutuba ya mkulima ni hasara ya mchimbuaji. Laetoli nako kulianguka majivu ya volkano, ila yalikuwa ya namna nyingine: yalikuwa na madini ya jamii ya chokaa, na yaliponyeshewa yakaganda kama saruji, yakahifadhi mifupa na hata nyayo.

Hata hivyo mwanafunzi wa Tukuyu hayuko mbali na visukuku. Ng'ambo ya Mto Songwe unaotenga Tanzania na Malawi, katika mashapo ya kale ya Wilaya ya Karonga, lilipatikana mwaka 1991 mahali paitwapo Uraha taya la kiumbe wa jenasi ya binadamu, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 2. Na upande wa kaskazini-magharibi, katika bonde la Rukwa, wamechimbuliwa dinosaria ambao mmoja wao alipewa mwaka 2017 jina la Shingopana songwensis. Jina hilo ni la Kiswahili, na jina la Songwe limo ndani yake. Mwalimu anayetaka kuamsha hamu ya wanafunzi wake ana mifano ya karibu.

Kosa liliingiaje?

Kosa la "chui milia" halikuanza na Waswahili. Katika lugha kadhaa za Ulaya watu wa kawaida walizoea kumwita Smilodon kwa jina la chui milia, kwa kuwa huyo ndiye mnyama mkali waliyemfikiria. Wataalamu waliacha zamani kulitumia jina hilo, lakini lilibaki magazetini na katika vitabu vya watoto. Mfasiri alilichukua kama alivyolikuta. Alitafsiri neno, hakutafsiri mnyama.

Laiti angalitazama jina la kisayansi, angalipata msaada. Machairodus, jina ambalo tawi zima limeitwa kwalo, limeundwa kwa maneno mawili ya Kiyunani: moja lina maana ya kisu au upanga, na la pili lina maana ya jino. Smilodon nalo limetokana na neno la Kiyunani la kisu cha kuchongea, pamoja na lile la jino. Hakuna chui wala milia ndani ya majina hayo. Mara nyingi jina la kisayansi huwa mwongozo bora kwa mfasiri kuliko jina la mitaani la lugha anayotafsiri, maana lugha zote mbili, ile anayotoka na ile anayoiendea, ziko mbali sawasawa na Kiyunani.

Simba asiyekuwa simba

Kinyume cha kosa hilo kimetokea katika lugha yetu wenyewe. Mwaka 2019 wanasayansi Matthew Borths na Nancy Stevens walitangaza mnyama mpya wa kale kutokana na mifupa iliyochimbuliwa miaka mingi kabla huko Meswa Bridge, magharibi ya Kenya, na kuwekwa katika makumbusho ya Nairobi. Wakamwita Simbakubwa kutokaafrika. Alikuwa mnyama wa kutisha, mkubwa kupita simba wa leo, aliyeishi yapata miaka milioni 22 iliyopita.

Wasomaji wa Kiswahili walilifurahia jina hilo, na haki yao. Lakini linahitaji kuelezwa. Kwanza, kwa sarufi sanifu tungetazamia "simba mkubwa", kwa kuwa simba ni kiumbe hai. Hilo si tatizo kubwa, maana kanuni za majina ya kisayansi hazidai upatanisho wa ngeli za Kiswahili. Jambo la pili ndilo zito: mnyama huyo hakuwa simba, wala hakuwa paka wa namna yoyote. Alikuwa wa kundi jingine kabisa la walanyama wa kale, ambalo limekwisha, na undugu wake na paka ni wa mbali kuliko undugu wa paka na mbwa.

Jina la kisayansi likishatangazwa halibadilishwi kwa sababu ya maana yake. Kwa hiyo Simbakubwa atabaki Simbakubwa. Lakini sisi tuandikao maelezo kwa Kiswahili hatulazimiki kuendeleza mkanganyo. Mtumishi wa makumbusho asiandike chini ya taya lake kwamba "simba huyu aliishi zamani". Aandike "mlanyama huyu wa kale, aliyepewa jina la Simbakubwa". Kwa msomaji wa kigeni jina hilo ni sauti tu. Kwa Mswahili ni neno lenye maana, nalo lazima litamwongoza au limpoteze.

Mfano mwema ni ule wa mnyama wa Lothagam tuliyemtaja. Lars Werdelin, aliyemweleza mwaka 2003, alimwita Lokotunjailurus. Sehemu ya kwanza ya jina hilo yatokana na neno la Kiturkana la paka, na sehemu ya mwisho yatokana na neno la Kiyunani la paka. Hakumwita simba wala chui. Alitumia neno la jumla la familia, na kwa hilo alisema kweli.

Funzo kutoka Mlima Rungwe

Wilaya ya Rungwe yenyewe ina funzo kuhusu majina ambalo kila mwenye kuunda istilahi yampasa kulijua. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakichunguza wanyama wa milima ya huko walisikia wenyeji wakimtaja nyani wa msituni aitwaye kipunji. Mnyama huyo hakuwamo katika orodha yoyote ya wataalamu. Walipomfuatilia walimwona kwa macho yao, na mwaka 2005 alitangazwa rasmi kuwa spishi mpya. Mwaka 2006, baada ya kuchunguzwa mmoja aliyenaswa katika shamba mlimani Rungwe, aliwekwa katika jenasi yake pekee iitwayo Rungwecebus. Jina lake kamili leo, Rungwecebus kipunji, limebeba jina la mlima na jina walilolitumia wenyeji.

Funzo la kwanza ni kwamba neno la wenyeji lilikuwa limehifadhi elimu kabla ya sayansi kuifikia. Funzo la pili ni kwamba watafiti hawakulazimisha jina la mnyama mwingine. Wangaliweza kumwita kwa jina la tumbili au mbega, ambao watu wamewazoea. Lakini walitambua kwamba mnyama tofauti anastahili jina tofauti.

Baraza la Kiswahili la Taifa tangu kuundwa kwake mwaka 1967 limehimiza kwamba istilahi itafutwe kwanza katika Kiswahili chenyewe, kisha katika lugha za Kibantu na lugha nyingine za Kiafrika, ndipo tugeukie lugha za kigeni. Je, kwa wanyama hawa twaweza kupata neno katika lugha za nyumbani? Kipunji yu hai, ndiyo maana ana jina. Paka wa meno ya upanga alitoweka huku kabla lugha zetu hazijakuwapo. Hakuna mzee awezaye kutupa jina lake. Tukichukua ingalamu, ambalo ni neno la Kinyakyusa la simba, tutakuwa tumelirudia kosa lile lile kwa lugha nyingine. Hapana budi kuunda.

Mapendekezo

Neno la msingi liwe paka. Najua pingamizi litakalotolewa: paka ni mnyama mdogo wa nyumbani, na kumwita "paka" mnyama wa uzito wa simba ni kama kumfanyia dhihaka. Pingamizi hili lina nguvu, lakini halishindi. Kiswahili hakina neno jingine la jumla kwa familia hiyo, na tayari twasema "jamii ya paka" tunapowataja simba na chui bila mtu yeyote kucheka. Ni kweli pia kwamba lugha yetu ilimwita simbamangu kwa jina la simba, na ikamwita chui milia kwa jina la chui. Lakini majina hayo ni ya wanyama walio hai. Anayekosea aweza kusahihishwa kwa kumwona mnyama. Aliyetoweka hana wa kumtetea isipokuwa jina lake.

Sehemu ya pili ya jina itokane na silaha, na hapa Kiswahili ni tajiri. Wataalamu hutofautisha namna mbili za chonge. Za Homotherium zilikuwa fupi kidogo, pana, bapa, zilizopinda, zenye makali kama ya msumeno. Za Megantereon na Smilodon zilikuwa ndefu na nyembamba zaidi. Kwa namna ya kwanza tunalo neno kitara, yaani upanga uliopinda. Kwa namna ya pili tunalo neno jambia. Upanga libaki kuwa jina la jumla. Mwalimu atahadhari tu kwamba wanafunzi wa shamba wasifikiri juu ya panga la kukatia migomba. Upanga ni silaha ya vita, na umbo lake ni jingine.

Basi tunapendekeza orodha ifuatayo:

paka-upanga: paka yeyote wa tawi la Machairodontinae. Wingi wake ni paka-upanga. Upatanisho uwe wa viumbe hai: paka-upanga huyu, paka-upanga hawa.

paka-kitara: paka-upanga wa kundi la Homotherium.

paka-jambia: paka-upanga wa kundi la Megantereon na Smilodon.

dinofeli: mnyama wa jenasi ya Dinofelis. Kwa kuwa chonge zake ni za kati, hafai kuitwa kwa kitara wala jambia.

simba wa mapangoni: mnyama wa kale wa Ulaya na Asia ya kaskazini, Panthera spelaea. Huyu ni wa tawi la simba kweli, na jina la simba ni haki yake.

mlanyama wa kale: jina la jumla la muda kwa wanyama kama Simbakubwa ambao si paka.

tawi lililokwisha: kundi lisilo na kizazi kilicho hai. Litumike mahali pa "mababu" pale ambapo undugu si wa uzazi.

Majina ya kisayansi yenyewe yaandikwe kwa tahajia yake ya kimataifa, bila kubadilishwa hata herufi moja, kwani hiyo ndiyo njia ya mwanafunzi kuyatafuta katika vitabu vya lugha yoyote.

Hitimisho

Turudi kwa mwalimu wetu wa Rungwe. Sasa aweza kuwaambia wanafunzi wake kwamba hapakuwa na chui milia Afrika ya Mashariki. Kwamba waliokuwapo ni paka-upanga, binamu wa mbali wa simba, waliotoweka bila kuacha kizazi. Na kwamba udongo wa Tukuyu unaowapa chakula haukuumbwa kuhifadhi mifupa.

Orodha tuliyoitoa ni mapendekezo, wala si amri. Huenda wako wasomaji wa pwani watakaoona kwamba hanjari lafaa kuliko jambia, au walimu wa bara watakaosema kwamba kitara ni neno geni kwa wanafunzi wao. Tunaomba watuletee maoni yao pamoja na sababu. Tunachoomba kisiachwe ni kanuni yenyewe: kabla ya kumpa mnyama jina, tuulize kwanza yeye ni wa nani.